Kanga wa kitambaa, sm 15: mishono inakunjamana, shingo inalala, na ndege haketi sawa kwenye kitako

DadaNyuzi_Umoja aliandika:

Habari zenu mafundi. Nashona kanga, yule ndege, kwa kitambaa cha kanga. Kimo ni sm 15 kutoka kitakoni hadi utosini, na miguu inayoonekana ni sm 5. Pateni ina vipande viwili vya ubavu, kipande kimoja kirefu cha tumbo kinachoanzia kooni hadi chini ya mkia, mabawa mawili yanayoshonwa baadaye, na mkia. Kitako ni mbao ya sm 8 kwa 8, unene sm 2.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa: sindano ya cherehani namba 14, urefu wa mshono 2.5, akiba ya mshono sm 1, kijazo ni faiba ya mto wa zamani, na miguu ni waya ya kufungia vyuma iliyosokotwa mara mbili. Shimo la kujazia liko kifuani.

Matatizo ni haya. Mshono wa shingo na kifua una makunyanzi ambayo hayaondoki hata nikijaza sana. Shingo inasimama siku ya kwanza, baada ya wiki moja au mbili inainama mbele. Ndege mzima anaelekea kuanguka kifudifudi, na nikimgusa anazunguka kwenye miguu yake. Pale nilipofungia panaonekana, na nyuzi zinachomoza. Mwisho, nilipopiga pasi ya mvuke, rangi nyekundu ya kanga ilihamia kwenye uzi mweupe niliodarizia madoa ya ndege.

Nataka kutengeneza sita wanaofanana, wa kuwekwa kwenye rafu ya maonyesho. Nianze kurekebisha wapi?

SindanoKumiNaMoja aliandika:

Dada, anzia kwenye kata, kabla ya kugusa waya wala faiba. Makunyanzi ya shingo hayaondolewi kwa kujaza. Ukizidisha faiba unavuta kitambaa upande mmoja na kukunyanza upande wa pili.

Sababu ni hii. Shingoni mshono unapinda kuingia ndani, kwa hiyo ukingo wa akiba ni mfupi kuliko mstari wa mshono wenyewe. Ukigeuza ndege, ule ukingo mfupi unalazimika kulala juu ya mstari mrefu zaidi, haufiki, na unavuta. Kifuani ni kinyume: mshono umetokeza nje, ukingo ni mrefu kuliko mstari, na ukigeuza unajikunja ndani kama vifurushi vidogo. Kwa hivyo mikato haifanani. Shingoni kata mkasi moja kwa moja kuelekea mshono, kila baada ya mm 5 au 6, ukiishia mm 2 kabla ya uzi. Kifuani na mgongoni ondoa vipembe vidogo vya V, kila baada ya mm 8 hivi. Ukikata V shingoni unaondoa kitambaa ambacho tayari ni haba, na ukikata moja kwa moja kifuani vile vifurushi vinabaki vilevile.

Akiba ya sm 1 ni kubwa mno kwa kitu cha ukubwa huu. Shona kwa mm 6. Kwenye shimo la kujazia peke yake acha mm 12, nitaeleza kidogo mbele. Urefu wa mshono weka 1.5, maana kwa 2.5 kona ya shingo inakuwa mistari mifupi iliyonyooka badala ya pinde, na faiba ikisukuma, uzi mweupe unachungulia katikati ya tundu na tundu. Shingo ishone mara mbili, mstari wa pili juu ya wa kwanza kabisa. Sindano namba 14 ni ya jinzi na turubai. Kwa kanga tumia 11, au 12 ukiwa umebandika kitambaa cha ndani. Sindano nene huacha matundu, na kwenye mshono unaobanwa na kijazo matundu hayo hupanuka hadi nyuzi zikateleza.

Kuna mambo mawili kabla ya kukata.

La kwanza, hakikisha una kanga ya pamba. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uuchome mmoja mmoja juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, na kuacha tone gumu jeusi. Poliesta inashoneka vizuri, ila haishiki mkunjo wa pasi, na hapo ndipo shimo la kufungia litakusumbua. Kwenye maduka ya Biashara Street, Nairobi, omba doti ya pamba na ufanye jaribio hilo kwa uzi wa ukingoni kabla ya kununua nyingi.

La pili ni mwelekeo wa uzi. Weka mstari wa urefu wa ubavu sambamba na uzi wa urefu wa kitambaa, na pande zote mbili zielekee upande mmoja. Ubavu mmoja ukikatwa wima na wa pili mshazari, ule wa mshazari hunyooka ukijazwa na ndege anapinda kichwa upande mmoja. Kipande cha tumbo peke yake ndicho kinachoweza kukatwa mshazari, na kinapendeza hivyo, kwa sababu kinazunguka kifua bila kulazimishwa.

Kanga ni nyepesi kwa kazi hii, kwa hiyo iungie kitambaa ndani. Wengi hukimbilia vilini ngumu, kile kitambaa cha kukazia kola. Hiyo inavunjika mistari kama karatasi kwenye pinde kali za shingo na mistari inaonekana nje. Chagua vilini nyembamba iliyofumwa, au melikani laini iliyopigwa bandi pembeni, mm 3 kutoka ukingoni. Mimi naona melikani ni bora, hata kama inachukua nusu saa zaidi, kwa kuwa inatembea pamoja na kanga na haiachi vipovu.

Unapopanga pateni juu ya kanga, tumia mji, yaani sehemu ya katikati, kwa mwili na pindo la ukingoni kwa mabawa. Doti moja ni vipande viwili vya takriban sm 150 kwa 110, na ndege sita wa ukubwa wako wanatoka kwenye kipande kimoja bila kubana. Jina la kanga, ule msemo ulioandikwa, usilikate katikati ya neno. Herufi zake ni kubwa kwa ndege huyu, sentensi nzima haitaingia, lakini neno moja zima chini ya tumbo linasomeka, na msomaji wa Kiswahili ataliona. Neno lililokatwa nusu atadhani ni kosa.

MzeeKoleo aliandika:

Fundi hapo juu amemaliza habari ya kata. Mimi nitakaa kwenye kiunzi, kwa sababu shingo kulala, ndege kuzunguka na ndege kuanguka vina chanzo kimoja: huna kiunzi. Una vijiti viwili vya waya vilivyochomekwa kwenye faiba. Faiba haishiki waya. Inaishika siku mbili tatu, kisha inaachia nafasi kuzunguka waya na kila kitu kinacheza.

Waya ya kufungia vyuma, ile nyeusi, ni laini kwa makusudi ili ipinde kwa mkono. Hata ukiisokota mara mbili inaendelea kupinda polepole chini ya uzito. Tena haina zinki, kwa hiyo hushika kutu, na kutu hupita kwenye kitambaa kama doa la chai ambalo halitoki. Tumia waya ya mabati, geji 12, yaani unene wa karibu mm 2.6, kwa miguu, na geji 14, karibu mm 2, kwa shingo. Kwa vidole vya miguu geji 16 inatosha. Geji hizo utazipata kwa mafundi wa vyuma wa Kamukunji, na watakukatia kipande, huna haja ya kununua mviringo mzima.

Miguu yote miwili na mgongo viwe waya moja isiyokatika. Kata sm 36. Pinda katikati iwe umbo la U lililogeuzwa, upana wa juu sm 3, na kila mguu uteremke. Sehemu ya juu ya U inakaa ndani ya mwili, karibu na mgongo, na miguu inatoka tumboni. Kwa kuwa miguu imeunganishwa juu, mmoja hauwezi kuzunguka bila mwenzake, na ndege anaacha kugeuka kabisa.

Waya ya shingo ni kipande cha pili, sm 18. Izungushe mara mbili kwenye upande wa mbele wa U, uibane kwa koleo hadi isicheze, kisha funga makutano kwa waya nyembamba mizunguko minane hivi. Peleka ncha juu hadi kichwani na umalizie kwa kitanzi cha upana wa sm 1. Ncha iliyoachwa wazi itatoboa utosi, kama si leo basi siku mtu atakapombeba kwa kichwa. Weka pia ncha nyingine ya waya hiyo iteremke nyuma hadi mkiani, nayo imalizike kwa kitanzi. Sasa una uti wa mgongo.

Kabla ya kuingiza, vika waya zote za ndani utepe wa melikani, upana sm 1.5, ukizungusha kwa mshazari na kushona mwisho wake. Kitambaa juu ya waya ndicho kinachoshikamana na faiba. Waya tupu huteleza.

Kiunzi huingizwa kupitia shimo la kujazia, miguu kwanza. Pale miguu inapotokea usikate kitambaa. Tumia shazia, ile sindano kubwa ya gunia, kusukuma nyuzi pembeni hadi tundu lipate upana wa waya. Nyuzi hazijakatika, kwa hiyo hazitachomoza. Ukishapitisha, shona duara la mishono sita kuzunguka kila mguu na uvute.

Sasa kuanguka. Jaza mwili kwanza, shikiza mabawa na mkia kwa muda kwa pini, kisha mlaze ndege juu ya ukingo wa rula na umsogeze hadi atulie bila kuelemea mbele wala nyuma. Weka alama ya chaki. Mstari huo ukiteremshwa wima lazima uangukie katikati ya vidole vya miguu. Kwa kanga, kifua ni kizito, na mstari huo huwa mbele kuliko mtu anavyotarajia. Usihamishe matundu ya miguu. Pinda miguu yenyewe: paja lielekee mbele kidogo kutoka tumboni, kisha goti lirudi nyuma, na kanyagio iwe chini ya alama. Miguu ya ndege halisi imepinda hivyo hivyo, kwa hiyo umbo halipotei.

Halafu kitako chako ni chepesi. Mbao ya sm 8 kwa 8 kwa 2, ikiwa ya mjakaranda, haifiki gramu 80. Ndege aliyejazwa vizuri pamoja na waya anakaribia gramu 90. Kitu cha juu kikiwa kizito kuliko cha chini, rafu ikitikisika kitaanguka. Chonga chini ya kitako nafasi ya sm 5 kwa 5, kina mm 4, ubandike bamba la chuma la mm 3. Bamba hilo peke yake lina gramu karibu 60. Funika kwa kipande cha felti ili lisikwaruze rafu.

Matundu ya miguu kwenye kitako toboa kwa keekee ya mm 3, kina sm 1.5. Miguu iache sm 1.5 chini ya kanyagio kwa ajili hiyo. Kwaruza ncha kwa msasa, kwa sababu zinki ni laini na gundi inateleza juu yake, kisha tumia gundi ya vichupa viwili inayochanganywa nusu kwa nusu. Mfunge ndege kwa uzi kwenye chupa ili asimame wima, umwache usiku mzima. Mwezi wa saba, Nairobi ikiwa na baridi, gundi hiyo huchelewa, mpe siku mbili. Ile inayoandikwa dakika tano hukauka kabla hujasawazisha miguu, na kwa miguu miwili kwa pamoja haifai.

DadaNyuzi_Umoja aliandika:

Asante sana mzee, na asante fundi. Maswali mawili. Naweza kujaza kwa vipande vya sponji badala ya faiba, kwa vile ni vizito kidogo na vinashika umbo? Na kwa nini nisitumie bunduki ya gundi ya moto kufunga shimo na kubandika mabawa? Ni haraka.

Gundi_na_Mkasi aliandika:

Bunduki ya gundi ni sawa tu. Weka kidogo, bana kwa vidole sekunde kumi, hakuna atakayeona.

MamaShanga aliandika:

Mwanangu, hapana kwa yote mawili, na ndugu yangu wa bunduki utanisamehe. Gundi ya moto huingia kwenye nyuzi za pamba na kuzigandisha. Ukibonyeza pale unahisi uvimbe mgumu, na mwanga wa pembeni unauonyesha hata ukiwa mdogo. Ikikaa dirishani kwenye jua au ndani ya gari inalainika na bawa linateremka. Ikipata baridi inakuwa ngumu na kuachia. Kazi ya maonyesho hushonwa. Gundi iwe ya miguu na mbao peke yake.

Sponji huoza. Baada ya miaka kadhaa, hasa penye mwanga, inageuka manjano na kuwa unga, na ndege anabaki na mfuko wa vumbi ndani. Vipande vyake pia vinaonekana nje kama mawe chini ya kitambaa chembamba. Sufi ni nzuri kwa mto lakini hubonyea na haisimamishi shingo. Pamba ya dukani hushika unyevu na kuganda madonge. Mchele, mtama na maharagwe usithubutu, fukusi watakuja na watatoboa kitambaa kutoka ndani.

Kaa na faiba, ila mpya. Ile ya mto wa zamani imeshajisokota vidonge vidonge, na kila kidonge kitajionyesha. Kama huna budi, ichane kwa vidole kipande kwa kipande hadi iwe kama wingu.

Namna ya kujaza ndiyo inayoamua kila kitu. Chukua konzi ndogo za ukubwa wa njegere kwa kichwa na shingo, na za ukubwa wa limau dogo kwa mwili. Anza kwenye ncha: kichwa, kisha shingo, kisha mkia, mwisho kifua na tumbo. Tumia kijiti kisicho na ncha kali, penseli iliyochongwa ikapigwa msasa inafaa. Shingoni faiba iingie pande zote za waya kwa zamu, kulia, kushoto, mbele, nyuma, ili waya ibaki katikati. Faiba ikijazwa upande mmoja inaisukuma waya hadi kwenye kitambaa na utaiona kama mshipa. Shingo iwe ngumu kama kidole kilichonyooka, na mwili ukibonyezwa urudi mara moja. Kama kidole kinaacha shimo, bado. Subiri usiku mmoja kabla ya kufunga. Faiba hukaa, na asubuhi utakuta nafasi ya konzi moja au mbili zaidi, hasa chini ya koo. Watu wengi hufunga siku ileile, na shingo inalala wiki ya pili hata waya ikiwa nzuri.

Hamisha shimo la kujazia. Kifuani ni mahali pa kwanza mtu anapoangalia, tena pana pinde. Liweke kwenye mshono wa tumbo, nyuma ya miguu, palipo na mstari ulionyooka zaidi, urefu sm 4. Hapo ndipo ile akiba ya mm 12 inafanya kazi: ukingo mpana unakunjika bila kuponyoka. Kabla ya kugeuza ndege, shona shimo hilo lote kwa mshono mrefu wa muda, funua mshono kwa pasi, kisha fumua huo wa muda. Sasa kitambaa kimekumbuka mstari wake, na wakati wa kufunga huhitaji kukisia mkunjo.

Funga kwa mshono wa ngazi. Sindano ndogo namba 9, uzi wa poliesta wa rangi ya sehemu iliyokoza zaidi ya kitambaa, uliopitishwa kwenye nta mara mbili. Ingia ndani ya mkunjo wa upande mmoja mm 3, vuka moja kwa moja, ingia mkunjo wa pili mm 3. Usirudi nyuma wala kwenda mshazari, maana hapo ndipo uzi unapoonekana. Vuta kila baada ya mishono mitatu. Ukisubiri mwisho ndipo uvute, uzi utakatika au utajikusanya. Fundo la mwisho lizame: ingiza sindano palepale, itokee sm 3 pembeni, vuta hadi fundo liingie ndani kwa mlio mdogo, kata uzi ukiwa umekazwa ili ncha irudi ndani.

Mabawa yashone baada ya kufunga mwili. Kila bawa ni tabaka mbili za kanga na vilini ngumu katikati, na hapa vilini ngumu ndipo pake. Usiligeuze ndani nje, ni dogo mno na kingo zitakuwa nene. Kata kwa umbo lake kamili, piga zigizaga ya upana 2 na urefu 1 kwanza ili kushika nyuzi, punguza nywele zilizobaki kwa mkasi mdogo, kisha rudia kwa upana 3.5 na urefu 0.4. Mzunguko mmoja peke yake huacha meno ya kitambaa yakichungulia. Ukitaka bawa liweze kupindwa, laza waya ya nusu milimita ukingoni kwenye mzunguko wa pili na uzungushe gurudumu la cherehani kwa mkono kwenye kona, la sivyo sindano itapiga waya na kuvunjika.

Kitu kimoja cha uso. Macho ni shanga mbili nyeusi za mm 3. Usiishone kila moja peke yake. Pitisha uzi kutoka jicho hadi jicho kupitia kichwa, mara tatu, ukivuta kila mara hadi shanga zizame mm 2. Hapo kichwa kinapata mashavu na ndege anaanza kutazama. Pembe ya utosini na ndevu za chini ya mdomo tumia felti au vipande vya ngozi laini, mabaki ya wauza ngozi Kariokor yanatosha, kwani havichomozi nyuzi. Sweta la mtumba la sufu tupu ya kondoo, likifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa hadi likaze, hutoa felti nzuri kuliko ile ya dukani. Angalia lebo, likiwa na akriliki halikazi.

RangiHaiendi aliandika:

Nimebakiwa na rangi. Dada, kanga mpya ina wanga na rangi isiyoshika, na nyekundu na nyeusi ndizo mbaya zaidi. Chumvi na siki havitazuia. Rangi iliyozidi lazima itoke tu, hakuna njia ya mkato. Fua kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza, rudia hadi maji yabaki meupe. Mara nne au tano ni kawaida kwa nyekundu. Usiikunje ikiwa mbichi, itajichapa yenyewe. Anika kivulini.

Kisha ijaribu. Lowesha kipande cha melikani nyeupe, kikamue, kiweke juu ya kanga, kandamiza kwa pasi ya moto sekunde kumi. Kikitoka cheupe, endelea na madoa yako. Kikiwa na waridi, rudi kwenye beseni. Fanya hivi kabla ya kukata, kwa sababu pamba husinyaa kidogo inapofuliwa mara ya kwanza, na ndege aliyekatwa kwenye kanga isiyofuliwa anaweza kusinyaa akipata mvuke, wakati faiba yake haisinyai. Hayo nayo ni makunyanzi.

Uzi mweupe ulioshika nyekundu hautakuwa mweupe tena. Fumua ushone upya. Usijaribu dawa ya kung'arisha nguo juu ya ndege aliyejazwa, maji yake yatabaki ndani ya faiba, na yatashusha rangi ya kanga na kukuachia duara.

Madoa ya kanga yashonwe lini? Yale ya vifundo vya uzi yashonwe vipande vikiwa bado bapa, kabla ya kuunganisha, ila kaa mm 8 mbali na mstari wa kushona. Kifundo kikiangukia chini ya mguu wa cherehani mshono unaruka. Uzi wa kudarizi nyuzi 3 kati ya 6, zungusha mara mbili kwenye sindano. Shanga nyeupe ndogo ziwekwe mwisho kabisa, baada ya kufunga. Changanya vifundo na shanga: vifundo vingi mgongoni, shanga chache kifuani. Shanga tupu kila mahali zinaongeza uzito mbele, na mzee ameshaeleza uzito wa mbele unafanya nini.

Usipake vanishi wala dawa ya nywele juu ya kitambaa. Vyote hushika vumbi, na vumbi la Nairobi ni jekundu. Kusafisha ni kwa brashi laini ya rangi, kutoka kichwani kwenda mkiani. Na kama umetumia felti ya sufu, kabla ya kupeleka kwenye rafu mfunge ndege kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, umweke kwenye friza wiki 2, kisha mwache mfukoni siku nzima nje ya friza kabla ya kufungua, ili unyevu ubaki nje ya mfuko. Hiyo inaua mayai ya nondo. Kama hakuna sufu ya kondoo, ruka hatua hii.

DadaNyuzi_Umoja aliandika:

Nimeandika yote. Nimeshaanza kufua, maji ya tatu bado yana waridi. Swali la mwisho: hao sita nitawafanyaje wafanane? Wawili wa kwanza mmoja alitoka mnene kuliko mwenzake kwa pateni ileile.

MamaShanga aliandika:

Pima faiba, mwanangu. Mizani ya jikoni inatosha. Jaza ndege wa kwanza hadi umpende, ukipima kabla na baada, na uandike. Kwa ukubwa wako itakuwa gramu 40 hadi 50. Gawa: kichwa na shingo kwenye bakuli moja, mwili kwenye jingine, mkia kwenye la tatu. Tenga mabakuli ya ndege wote sita kabla ya kuanza kujaza, na ubakishe gramu 3 za kila mmoja kwa ajili ya kuongeza asubuhi.

MzeeKoleo aliandika:

Na waya zipinde zote siku moja. Pigilia misumari mitano kwenye ubao kufuata umbo la U na goti, kila waya izungushwe humo. Misumari iwe isiyo na kichwa, ili waya itoke bila kunyooshwa. Mstari wa chini wa kanyagio uuchore kwa penseli ubaoni, usikisie kwa jicho. Mguu mmoja ukiwa mfupi kwa mm 2, ndege anaelemea upande mmoja, na mtu ataanza kutafuta kosa kwenye kushona wakati liko kwenye ubao.

SindanoKumiNaMoja aliandika:

Pateni yako ichore upya kwenye karatasi ya boksi, bila akiba ya mshono. Zungushia kalamu ya risasi upande wa nyuma wa kitambaa, huo ndio mstari wa kushona, halafu ongeza mm 6 unapokata. Ukikata kwanza na kufuata ukingo kwa mguu wa cherehani, tofauti ya mm 1 kila upande inajilimbikiza: mishono mitatu ikizunguka kifua inakupa karibu mm 6 za mzingo. Huyo ndiye ndege wako mnene.